Upasuaji wa flapu jijini Tanga: tathmini ya huduma, kuanzia chumba cha upasuaji hadi zamu ya usiku

Huduma ninayoitathmini ni ya kufunika mfupa ulioachwa wazi na ajali kwa flapu, yaani kipande cha ngozi kinachohamishwa na mishipa yake ya damu, ambayo mpwa wangu aliipata katika hospitali moja ya jijini Tanga baada ya pikipiki yake kugongana na gari dogo kwenye barabara ya kwenda Muheza. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa kuwa sehemu ya ninayoyaeleza ni malalamiko na watumishi wake hawapo hapa kujibu. Neno langu la jumla nalitanguliza: kazi ya kisu ilikuwa ya kiwango cha juu, maelezo tuliyopewa kabla ya upasuaji yalikuwa bora kuliko nilivyozoea kuyapata hospitalini, lakini uangalizi wa usiku ulikuwa na upungufu ambao nusura uiangamize kazi yote. Flapu nyingi zinazokufa hufia kitandani, ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, mgonjwa akiwa ameshatoka mikononi mwa daktari wa upasuaji; kwa sababu hiyo nimeupa upungufu huo uzito mkubwa katika tathmini hii.

Ajali ilimvunja muundi wa mguu wa kulia karibu na kifundo, na ngozi ya mbele ikachunika hadi mfupa ukaonekana. Mfupa ulishikizwa kwa vyuma vya nje, kidonda kikaoshwa katika chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja, na nyama iliyokufa ikaondolewa. Kilichobaki ndicho kilichokuwa kigumu. Watu wengi hudhani kwamba ngozi iliyochunwa pajani inaweza kubandikwa popote, lakini ngozi ya namna hiyo haina mshipa wake wa damu. Hujilisha kutoka mahali inapolazwa, na mfupa uliovuliwa utando wake hauna cha kuilisha. Flapu ni kipande cha ngozi pamoja na mafuta yake, na mara nyingine misuli, kinachohamishwa kikiwa bado kimeshikana na mishipa yake, hivyo hufika mahali papya kikiwa na damu yake chenyewe.

Muundi una sehemu rahisi na sehemu ngumu. Theluthi ya juu, karibu na goti, hufunikwa kwa msuli mkubwa wa shavu la mguu, na theluthi ya kati kwa msuli wa soleusi ulio chini yake, ilhali theluthi ya chini haina msuli wa kutosha jirani. Penye vifaa kamili, sehemu hiyo mara nyingi hufunikwa kwa flapu huru, yaani kipande kinachokatwa kabisa kutoka pajani au mgongoni na kuunganishwa upya, mshipa kwa mshipa, chini ya hadubini. Hospitali yetu haikuwa na hadubini ya upasuaji wala timu ya kazi hiyo, na daktari alilisema hilo wazi siku ya kwanza: ama tupewe rufaa ya kwenda Dar es Salaam au Moshi, ama afanye flapu ya surali, ambayo hutolewa nyuma ya shavu la mguu na kugeuzwa chini hadi kwenye kifundo. Flapu hiyo ilielezwa mwaka 1992 na daktari Mfaransa Alain Masquelet na wenzake. Damu yake huingia kupitia vijishipa vinavyotoka kwenye ateri ya peronia, mmoja wa mishipa inayopeleka damu mguuni, na mahali pa kuigeuzia huachwa kama sentimita 5 juu ya kifundo cha nje ili vijishipa hivyo visikatwe. Hasara yake pia alitueleza: damu hulazimika kurudi kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kinyume cha vali zake, kwa hiyo flapu huwa na tabia ya kuvimba na kujaa damu, na upande wa nje wa unyayo hubaki na ganzi. Nampa daktari huyo alama zote kwa mazungumzo hayo. Aliketi, alichora mguu kwenye karatasi, na hakuondoka mpaka dada yangu, mama wa mgonjwa, alipomaliza maswali yake.

Swali langu mimi lilikuwa moja. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi na nimeshona ngozi za ng'ombe na mbuzi walioraruliwa na seng'enge, nikaona mara nyingi jinsi ncha ya kipande kirefu inavyogeuka nyeusi na kukauka hata kama mshono ni safi. Nilitaka kujua daktari anapimaje urefu wa kipande ambao hautakufa nchani. Jibu lake lilinipeleka kwenye wanyama, na baadaye nikasoma zaidi mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo mambo mengi ya huduma hii yalipoanzia.

Kwa muda mrefu madaktari walifuata kanuni ya uwiano: urefu wa flapu usizidi upana wake, au uuzidi kidogo tu usoni ambako damu ni nyingi. Kanuni hiyo ilionekana kuwa na mantiki, kwamba ukipanua shina la kipande unaongeza damu, na kwa hiyo unaweza kukirefusha. Mwaka 1970 daktari wa Uingereza aitwaye Milton alichapisha matokeo ya majaribio yake kwa nguruwe, ambao aliwakatia flapu za upana tofauti ubavuni, na akaonyesha kwamba kupanua shina peke yake hakurefushi sehemu inayobaki hai. Kilichokuwa na maana ni kama ndani ya shina mna mshipa unaopita kwa urefu wa kipande. Tangu hapo kuchora flapu kukawa ni kufuata ramani ya mishipa, na mwaka 1973 McGregor na Morgan wakatenganisha kwa maandishi flapu zenye mshipa mkuu na zile zinazotegemea vijishipa vya kubahatisha. Flapu ya mpwa wangu ilikuwa ndefu na nyembamba shinani kuliko kanuni ya zamani ingekubali, na iliishi. Alama za wino ambazo daktari alimchorea kijana nyuma ya mguu asubuhi ya upasuaji zilikuwa ni elimu ile ya nguruwe, ingawa nguruwe mwenyewe hakuhudhuria.

Hapa yafaa nieleze jambo lililomsumbua dada yangu, kwa kuwa litawasumbua wengi wa mwambao. Aliposikia nguruwe ametajwa alikaa kimya kwanza, kisha akauliza, «Daktari, mwanangu, hicho mtakachomwekea kijana wangu kimetoka kwa nguruwe?» Daktari alimjibu kwa upole, «Hapana, mama. Tunachoweka ni nyama yake mwenyewe, inatoka shavu la mguu wake inakwenda kwenye kifundo chake. Kwa wanyama tumepata kujua tu, hatujachukua kiungo.» Dada aliridhika. Ningependa hospitali ilitamke hili mapema kwa kila familia, bila kungoja swali, kwa sababu wapo watakaoona haya kuuliza na wataondoka na mgonjwa wao wakiwa na dhana isiyo ya kweli.

Upasuaji ulifanywa kwa hatua mbili, nayo ndiyo sehemu ya huduma iliyonivutia kuliko zote. Kijana alikuwa mvutaji wa sigara, na daktari hakutaka kuigeuza flapu siku ileile aliyoikata. Siku ya kwanza alichanja kingo zake, akaiinua sehemu, akafunga baadhi ya vijishipa vya pembeni, kisha akairudisha palepale na kuishona. Baadhi ya jamaa walilalamika kwamba upasuaji umeshindikana na sasa tunalipishwa mara mbili. Haikuwa hivyo. Kuchelewesha flapu ni mbinu ya zamani. Gaspare Tagliacozzi wa Bologna, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1597, alikuwa akiiandaa ngozi ya mkono kwa wiki kadhaa kabla ya kuiunganisha na pua. Aliona kwamba inafaa, lakini sababu ilikuja kueleweka kwa wanyama. Ian Taylor wa Melbourne, ambaye mwaka 1987 pamoja na Palmer alichora ramani ya mwili wa binadamu ikiwa na maeneo 40 ya mishipa, alifanya na wenzake majaribio kwa mbwa na sungura wakipiga picha za mishipa siku baada ya siku. Waliona kwamba kati ya eneo moja na jingine kuna vijishipa vyembamba vinavyobana damu, na kwamba flapu inapokatwa sehemu na kuachwa mahali pake vijishipa hivyo hutanuka, na kwa kiasi kikubwa zaidi kati ya saa 48 na 72. Mgonjwa anayengoja wiki moja au mbili kitandani hospitalini anangojea kazi hiyo ikamilike ndani ya ngozi yake. Kwa mvutaji, kwa mwenye kisukari na kwa mtu mzima, kungoja huko ni sehemu ya matibabu, na hospitali inayokubali kumpa mgonjwa kitanda kwa muda huo badala ya kuharakisha inastahili sifa.

Hapo hapo niseme kuhusu tumbaku, maana ushauri tuliopewa ulikuwa sahihi lakini haukutimia. Panya waliopewa nikotini au kuvutishwa moshi kabla ya kukatwa flapu walipoteza sehemu kubwa zaidi ya ngozi kuliko wenzao, na kwa wagonjwa imeonekana hivyohivyo, kwa sababu nikotini hubana mishipa na moshi hupunguza oksijeni inayobebwa na damu. Kijana alikatazwa sigara kwa ukali unaofaa. Hakuna aliyemuuliza kuhusu ugoro, wala kuhusu tambuu yenye tumbaku ambayo mzee mmoja wa kitanda cha jirani alikuwa akimkaribisha kila alasiri kwa wema wake. Nikotini iliyo ndani ya tambuu hufika kwenye damu vilevile. Wodi za Tanga zinahitaji swali hilo kwenye fomu ya kumpokea mgonjwa.

Jambo jingine linalohusu fedha za watu ni dawa. Tulipokuwa tukingojea hatua ya pili, mtu mmoja asiye mtumishi wa hospitali alikuja kwenye benchi la ndugu akiuza vidonge na mafuta ya «kufungua mishipa», akidai kwamba vimethibitishwa na utafiti. Inawezekana kabisa kwamba kitu kilichomo ndani ya mafuta yale kiliwahi kujaribiwa, lakini kwa panya. Mwaka 1965 McFarlane na wenzake walibuni flapu ya mgongo wa panya, kipande cha sentimita 10 kwa 4, ambacho ncha yake hufa kwa kiasi kinachoweza kupimwa. Mtafiti humpa panya dawa, hungoja kama wiki moja, kisha hupima ni sehemu gani imekuwa nyeusi. Kipimo hicho ni cha bei nafuu na kimerudiwa kwa vitu vingi mno: dawa za kutanua mishipa, za kuzuia damu kuganda, vitamini, sumu ya botulini, protini za kukuza mishipa, dondoo za mimea. Vingi vimeonekana kuokoa ngozi ya panya, na vichache sana vimefika wodini.

Sababu ni ngozi yenyewe, na hapa naweza kusema kwa uhakika wa kazi yangu. Chini ya ngozi ya panya kuna tabaka la msuli mwembamba, jamaa ya ule unaomwezesha ng'ombe kutikisa ngozi na kufukuza nzi, na ngozi yote huteleza juu ya mwili. Binadamu karibu hana tabaka hilo. Ngozi legevu ya panya hujivuta na kuziba kidonda, na kipande kilichorudishwa juu ya mgongo huweza kupata chakula kutoka chini yake, kikaonekana kimeokolewa na dawa wakati kimeokolewa na nyama iliyo chini yake. Watafiti makini huweka karatasi ya silikoni katikati ili kuzuia hilo. Nguruwe ana ngozi nene iliyoshikana na mafuta, na mishipa yake hupanda kutoka kwenye misuli kwa namna iliyo karibu zaidi na yetu, kwa hiyo matokeo ya nguruwe huwa na uzito zaidi. Yapo yaliyovuka daraja zote. Mafuta ya nitrogliserini yalijaribiwa kwa wanyama katika miaka ya 1980, na jaribio la wagonjwa lililochapishwa mwaka 2015 nchini Kanada lilionyesha kwamba yanapunguza kufa kwa ngozi baada ya upasuaji wa titi. Mengine bado yako njiani: mwaka 1986 Murry na wenzake walionyesha kwa mbwa kwamba moyo ulioonjeshwa vipindi vifupi vya kukosa damu hustahimili zaidi unapokosa damu kwa muda mrefu, na mwaka 1992 watafiti wa Toronto wakaona jambo hilohilo kwenye flapu za misuli ya nguruwe, lakini hadi leo si jambo la kawaida katika upasuaji wa kila siku. Daktari wetu hakumwandikia kijana dawa yoyote ya ajabu. Alimwandikia za maumivu, za kuua vijidudu, maji ya kutosha na damu alipopungukiwa, na alikuwa sahihi. Kwa ndugu waliokwisha toa pesa kwa yule muuzaji nilisikitika sana, na uongozi wa hospitali yoyote unaomwacha mtu kama huyo kuingia hadi kwenye mabenchi ya ndani unatenda kosa.

Sasa nifike kwenye zamu ya usiku.

Hatua ya pili ilikwenda vizuri. Flapu iligeuzwa, ikafunika mfupa wote, na pale ilipotolewa kwenye shavu la mguu pakabandikwa ngozi ya pajani. Daktari aliacha maelekezo yaliyoandikwa: mguu uinuliwe, kisigino kisikandamizwe, flapu itazamwe kila saa kwa siku ya kwanza na kila baada ya saa chache kwa siku zinazofuata. Mchana maelekezo yalifuatwa. Usiku wa kwanza yalifuatwa nusu. Usiku wa pili wodi iliyojaa ilikuwa chini ya muuguzi mmoja na msaidizi wake, taa ya upande wetu ilikuwa mbovu, na bandeji iliyobadilishwa jioni ilikuwa imefungwa kwa kubana kuliko ile ya asubuhi. Dada yangu, aliyekuwa akikesha kwenye mkeka chini ya kitanda, ndiye aliyeona kwamba kipande kimetuna na kung'aa. Alikwenda kwenye meza ya wauguzi. «Sista, naomba uje umtazame mwanangu, mguu umevimba si kama mchana.» Akajibiwa, «Mama, uvimbe ni kawaida, daktari atapita asubuhi.» Alirudi mara ya pili, akamkuta msaidizi, akamshika mkono hadi kitandani. Msaidizi alipoiona aliita, na daktari wa zamu akapigiwa simu, lakini alifika baada ya muda mrefu kuliko hali ile ilivyostahili.

Alipofika alifanya kila kilichotakiwa. Alikata bandeji yote, akatoa nyuzi kadhaa upande uliobana, akainua mguu juu zaidi, na kuchoma ncha ya flapu kwa sindano. Ikatoka damu nyeusi ya haraka, kisha polepole ikaanza kuwa nyekundu. Flapu ilikuwa imejaa damu isiyo na njia ya kutoka. Majaribio ya wanyama yameonyesha mara nyingi kwamba vena iliyoziba huharibu flapu haraka na vibaya kuliko ateri iliyoziba kwa muda uleule, na kwamba baada ya saa kadhaa hata ukifungua njia damu inayorudi hukuta vijishipa vimeshajeruhiwa na haiwezi kupita. Saa zile ambazo dada yangu aliambiwa angojee asubuhi ndizo saa ambazo flapu huokolewa au hupotea. Mwishowe ukingo mwembamba wa ncha ulikufa, ukakatwa, na kidonda kikafunga chenyewe. Tungeweza kupoteza kipande chote, na pamoja nacho kifuniko cha mfupa, na safari ya kijana ingeishia kwenye mazungumzo ya kukatwa mguu.

Sina nia ya kumlaumu muuguzi mmoja aliyekuwa na wagonjwa wengi kuliko mikono yake. Nalaumu mpangilio unaotumia upasuaji wa saa nyingi na kisha kuacha matunda yake gizani. Taa ya kichwa ya betri ingetosha, na karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya kitanda ambapo kila anayetazama anaandika saa, rangi, joto na muda wa damu kurudi baada ya kubonyeza. Damu ikirudi kwa sekunde 2 hivi mambo ni mazuri. Ikichelewa sana na kipande kikawa baridi na kilegevu, damu haiingii. Ikirudi upesi mno na kipande kikawa kimejaa na kutuna, damu haitoki. Hayo hata ndugu wa mgonjwa anaweza kufundishwa kwa dakika chache, na kwa jinsi wodi zetu zilivyo, ndugu yupo usiku kucha.

Kuna ugumu mmoja ambao maelezo mengi yaliyoandikwa kwingine hayausemi vya kutosha. Panya wa maabara ni mweupe, nguruwe wa majaribio kwa kawaida ni mweupe, na picha nyingi zinazofundisha rangi ya flapu inayokufa zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, ambako uwaridi, ubuluu na weupe wa kukosa damu huonekana kwa jicho. Kwenye ngozi nyeusi ya kijana wa Tanga rangi hizo hujificha hadi mambo yameharibika. Daktari wetu alilijua hilo na alitegemea mguso, joto la kiganja, ukakamavu wa kipande na tone la damu la sindano, akalinganisha kila mara na ngozi nzima ya jirani. Wauguzi wa usiku hawakuwa wamefundishwa hivyo. Walikuwa wakitafuta ubuluu ambao usingeonekana. Kama hospitali itafanya mafunzo ya aina moja tu mwaka huu, ningeomba yawe hayo, na yafanywe kwa wagonjwa wake yenyewe.

Jamaa mmoja kutoka Pangani alituuliza kama ruba wangesaidia kunyonya damu ile. Swali lake halikuwa la kipuuzi. Mate ya ruba yana hirudini, inayozuia damu kuganda. Mwaka 1985 huko Boston daktari Joseph Upton alitumia ruba kuokoa sikio la mtoto lililounganishwa upya, na mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaidhinisha kwa kazi hiyo. Lakini hao ni ruba wanaofugwa na kusafishwa, na hata hivyo mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia vijidudu aina ya Aeromonasi wanaoishi tumboni mwao. Ruba wa mtoni asiwekwe kwenye flapu, wala kidonda hicho kisipelekwe kwa mwumishi. Daktari wa zamu alilijibu hilo kwa heshima, na nilimpenda kwa kutomcheka aliyeuliza.

Kuhusu mambo mengine sina mengi. Usafi wa wodi ulikuwa wa kuridhisha, choo kilihitaji maji zaidi, chakula tulileta kutoka nyumbani Ngamiani kama kila mtu. Malipo yalielezwa kwa maandishi kabla ya kila hatua na hatukudaiwa cha pembeni. Kliniki ya kufuatilia ilifanyika siku zilizopangwa, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwanzishia kijana kukunja kifundo mapema, jambo ambalo wengi hulisahau na mgonjwa akabaki na mguu uliofunikwa vizuri usiokunjika.

Kama mtu wa mifugo sikuweza kusoma habari za nguruwe na mbwa hawa bila kuwafikiria wao. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inagusa pia wanyama wa utafiti, na kanuni ambayo Russell na Burch waliitoa mwaka 1959, ya kutafuta njia mbadala, kupunguza idadi na kupunguza mateso, ndiyo ninayoiona kuwa ya haki. Nimekubali kwamba bila nguruwe wa Milton mguu wa mpwa wangu ungekatwa kwa kanuni isiyo kweli. Sikubali panya mia wengine kwa ajili ya dondoo lisiloelekea wodini, hasa pale ambapo mtafiti hakuweka hata ile karatasi ya silikoni. Na kwa upande wa mafunzo, mengi hayahitaji tena mnyama hai: Harry Buncke, ambaye katika miaka ya 1960 huko California aliunganisha upya masikio ya sungura yenye mishipa ya milimita 1 hivi, hakuwa na njia nyingine, lakini leo daktari anayejifunza kushona mishipa midogo huanza na paja la kuku wa buchani, ambalo ateri yake inatosha kabisa kwa mazoezi. Kuku wa namna hiyo hawakosekani Tanga. Hadubini ya mafunzo ndiyo inayokosekana, na ingekuwa ununuzi wa busara kwa hospitali inayotaka siku moja kufanya flapu huru bila kumpeleka mgonjwa Dar es Salaam.

Kwa hiyo, je, ningempeleka mgonjwa mwingine pale? Kwa jeraha la muundi linaloweza kufunikwa kwa msuli wa jirani au kwa flapu ya surali, ndiyo, na kwa daktari yuleyule. Kwa jeraha kubwa linalozunguka mguu, au mguu ambao ateri yake ya peronia imeumia, ningeomba rufaa mapema badala ya kungojea, na naamini daktari huyo angekuwa wa kwanza kuitoa. Kwa vyovyote ningehakikisha ndugu anayekesha ameonyeshwa na daktari mwenyewe jinsi ya kubonyeza, kugusa na kuhesabu, ana tochi yenye mwanga mweupe, na ana namba ya simu ya zamu iliyoandikwa kwenye karatasi ya ukutani pamoja na ruhusa ya kuipiga. Hospitali iliahidi kuianzisha karatasi hiyo. Nilipopita wodini siku ya kliniki ya mwisho, vitanda viwili vilikuwa nayo na vya upande wa dirishani bado.